Oili ya Gia Boksi Inaponuka Kuungua

Mwezi huu tunaomba tuingie pamoja chini ya boneti. Katika nyumba nyingi siku hizi mama ndiye anayeshika usukani: watoto shuleni asubuhi, sokoni, kliniki, kanisani, na msibani inapobidi. Gari lenyewe mara nyingi ni lile lililotumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwetu. Ni la otomatiki, na limekwisha kutembea kilometa 200,000 au zaidi. Tunalijaza mafuta, tunabadilisha oili ya injini, tunapima upepo wa matairi, basi.

Kisha siku moja fundi anachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, anakinusa, anakunja uso. Anasema oili imeungua. Fundi wa kwanza anasema, "Mama, tumwage hii tuweke mpya, gari litapona." Wa pili anasema, "Usithubutu kuigusa, ukiweka mpya litakufa wiki hiyo hiyo." Wa tatu anasema gia boksi imekwisha, itafutwe nyingine. Majibu ni matatu, na fedha ya nyumbani ni ile ile moja, ambayo ndani yake kuna ada ya shule na kodi ya nyumba. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili polepole, ili atakayekutwa nalo ajue kila mmoja wa mafundi hao anasema kweli wapi na anakosea wapi.

Oili hii inafanya kazi gani?

Oili ya gia boksi ya otomatiki, ambayo wengine huiita haidroliki, si sawa na oili ya injini. Ikiwa mpya, mara nyingi ni nyekundu kama juisi ya rozela, na rangi hiyo iliwekwa makusudi ili ikivuja isichanganywe na oili ya injini. Kazi zake ni zaidi ya kulainisha. Kwanza, ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuifikisha kwenye gia, kupitia chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita toki konveta. Pili, hubanwa kwa pampu na kusukuma sahani za klachi zishikane, na hapo ndipo gari linapobadili gia lenyewe bila mguu wako kukanyaga klachi. Tatu, huchukua joto lililomo ndani na kulipeleka kwenye rejeta likapoe.

Kwa hiyo oili hii ikiharibika, vyote vitatu vinaharibika kwa pamoja. Joto linapanda, klachi zinashikana kwa ulegevu, na klachi zinazoteleza huzaa joto jingine. Joto hilo huiharibu oili zaidi. Ndiyo maana gia boksi inaweza kuvumilia miaka mingi, kisha ikaisha katika wiki chache.

Kuungua maana yake nini?

Kila mama aliyewahi kukaanga maandazi analijua jambo hili bila kufundishwa. Mafuta mapya ni meupe na mepesi. Ukiyatumia mara nyingi kwenye moto mkali hugeuka meusi, huwa mazito, na hutoa harufu inayokaa kwenye pazia. Oili ya gia boksi nayo hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 80 au 90 hivi za Selsiasi. Joto likipita 120 na kukaa hapo, dawa zilizochanganywa ndani yake huanza kufa, utando wa kahawia huganda kwenye vyuma, na mipira inayozuia uvujaji hukakamaa. Zile sahani za klachi, ambazo zimevikwa kitu kama karatasi ngumu, nazo huungua na kuchanika vipande vidogo vidogo vinavyoelea ndani ya oili. Harufu unayoisikia ni ya oili pamoja na klachi hizo.

Hapa ndipo penye neno letu kubwa la mwezi huu: oili iliyoungua ni habari ya jambo lililokwisha kutokea. Oili mpya inaweza kuzuia madhara yasiendelee, lakini haiwezi kurudisha klachi iliyokwisha kulika. Basi swali la kwanza si "tubadilishe au tusibadilishe?" Swali la kwanza ni: gia boksi yenyewe bado inashika?

Namna ya kupima wewe mwenyewe

Huhitaji kuwa fundi. Endesha gari kwa dakika 15 au 20 mpaka lipate moto vizuri, kisha liegeshe mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, na uache injini ikinguruma. Pitisha gia taratibu kutoka P hadi mwisho, ukisimama sekunde chache kila mahali, kisha urudishe P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena. Oili inatakiwa ifike kati ya alama mbili zilizoandikwa HOT. Baadhi ya magari, kama Honda nyingi, hupimwa injini ikiwa imetoka tu kuzimwa, kwa hiyo soma kwanza kitabu cha gari au umuulize anayelijua. Yapo pia magari ya miaka ya karibuni ambayo hayana kijiti kabisa. Hayo ni lazima yanyanyuliwe na kupimwa na fundi kwa chini.

Sasa dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe ya chooni, uliangalie kwenye mwanga.

Likiwa jekundu au jekundu lililofifia na halina harufu kali, shukuru. Likiwa la kahawia lakini halinuki, oili imezeeka tu. Zipo oili zinazofifia rangi mapema, na oili za gia boksi zile zinazotumia mkanda badala ya sahani za gia si zote nyekundu tangu mwanzo, kwa hiyo rangi peke yake isikutishe. Likiwa jeusi, linanuka kama sufuria ya maharage yaliyoshika chini, na ukilisugua kati ya vidole unasikia chengachenga, hiyo ndiyo iliyoungua.

Kuna hali ya nne, nayo ina haraka kuliko zote. Oili ikiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji ya rejeta yameingia kwenye gia boksi. Usiendeshe hata hatua moja. Lakini pia usikubali gari livutwe kwa kamba hivi hivi. Pampu ya gia boksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku matairi yanayoendesha gari yanazunguka, vyuma vya ndani vinasagana bila oili. Gari linaloendeshwa na matairi ya mbele linyanyuliwe mbele. Linaloendeshwa na matairi yote manne lipakiwe juu ya lori.

Ikiwa gari bado linabadili gia vizuri

Tuseme oili imekuwa nyeusi na ina harufu kidogo, lakini ukiweka D gari linakamata mara moja, linapanda gia bila kushtuka, na linarudi nyuma bila kusita. Hapo fundi wa kwanza yuko sawa: oili ibadilishwe. Ila ibadilishwe kwa upole.

Oili yote ya gia boksi ya gari dogo ni kama lita 6 hadi 8, lakini ukifungua nati ya chini hutoka kama lita 3 au 4 tu. Iliyobaki imo ndani ya toki konveta na mabomba. Usihuzunike kwa hilo, maana ndiyo njia nzuri kwa gari la umri huu. Chukua mfano wa gia boksi ya lita 8 ambayo kila safari hutoka lita 4. Mara ya kwanza nusu inakuwa mpya. Endesha wiki mbili, mwaga tena ujaze, na robo tatu inakuwa mpya. Rudia mara ya tatu, na sehemu saba kati ya nane ni mpya. Gari limezoea kidogo kidogo, na wewe umelipa kidogo kidogo.

Katika safari ya kwanza, sampu ya gia boksi ifunguliwe, chujio libadilishwe, na gasketi iwe mpya. Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo. Omba uione. Ikiwa imevaa tope laini la kijivu, huo ni uzee wa kawaida. Ifutwe na kurudishwa. Ikiwa imeshika vipande vya chuma vinavyong'aa, au chini ya sampu kuna vipande vyeusi vya klachi, basi mnazungumza habari nyingine.

Wapo wenye mashine ya kusukuma oili yote itoke kwa mara moja. Kwa gari ambalo limetunzwa tangu mwanzo hakuna shida. Kwa gari la kilometa 200,000 ambalo hakuna ajuaye lilibadilishwa oili lini, tunashauri mlikwepe jambo hilo. Uchafu uliokuwa umetulia pembeni unaweza kusukumwa ukaziba vijitundu ambavyo oili hupitia wakati wa kubadili gia.

Ikiwa limekwisha kuanza kuteleza

Dalili zake zinajulikana. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliongezi mwendo. Unaweka D au R, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linapokamata kwa kishindo. Likiwa baridi linakwenda, likipata moto linakataa. Katika Toyota nyingi taa ya O/D OFF huanza kupepesa yenyewe.

Hapa ndipo ilipozaliwa ile imani ya fundi wa pili kwamba oili mpya huua gia boksi. Watu wengi hawaikumbuki oili hii mpaka gari linapoanza kuteleza. Wanaibadilisha, gari linakufa mwezi ule ule, na lawama yote inakwenda kwa oili mpya. Lakini klachi zilikuwa zimekwisha kulika kabla ya oili kuguswa. Ni kweli pia kwamba zile chengachenga zilizomo kwenye oili ya zamani husaidia klachi dhaifu kushikana kidogo, na ukizimwaga udhaifu unajitokeza wazi. Fundi wa pili ameona jambo la kweli kwa macho yake, ila sababu ameiweka mahali pasipo pake.

Kwa hiyo gari likiwa linateleza, usitoe fedha ya oili ukitegemea muujiza, na pia usiliache hivyo hivyo ukisema litavumilia hadi Desemba. Linaweza kukwama katikati ya barabara kuu ukiwa na watoto nyuma na lori linakuja. Lipimwe kwanza. Zipo gereji zenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na geji ya kupima mgandamizo wa oili. Mara nyingine tatizo ni oili kupungua kwa sababu ya uvujaji, au swichi ndogo ya umeme inayoongoza oili, na gharama yake haifanani kabisa na gharama ya gia boksi nzima. Fundi wa tatu anaweza kuwa sawa, lakini asiwe sawa kwa kunusa tu.

Ikithibitika kwamba imekwisha, njia ni mbili: kuifungua yote na kuweka sahani na mipira mipya, au kununua gia boksi iliyotumika. Ukinunua iliyotumika, pima na unuse oili yake kabla ya kulipa, kama unavyonusa samaki sokoni. Omba muda wa kuirudisha ikikataa, na muda huo uandikwe kwenye risiti. Hakikisha pia mabomba na kipozea oili vimesafishwa kabla haijafungwa, na toki konveta ya zamani isirudishwe. Uchafu wa gia boksi iliyokufa ukibaki humo, ya pili itaifuata ya kwanza.

Nini kiliiunguza?

Kubadilisha oili bila kutafuta chanzo ni sawa na kupiga deki huku bomba linamwaga maji. Angalieni rejeta kwanza. Katika magari mengi oili ya gia boksi hupozwa kwa kupita ndani ya rejeta hiyo hiyo ya maji. Wengi wetu tumezoea kujaza maji ya bomba badala ya kulanti; maji hayo huleta kutu, rejeta inaziba, na gia boksi inapikika hata kama injini haijachemsha. Kuta za ndani zikioza, ndipo maji yanapoingia kwenye oili kama tulivyosema.

Chanzo cha pili ni oili isiyo yake. Toyota moja hutaka Dexron, nyingine Type T-IV, nyingine WS; Nissan na Honda wana za kwao. Zile gia boksi za mkanda, ambazo huandikwa CVT, zina oili yao ya pekee, na ukiziwekea ya kawaida unaziua. Mara nyingi aina ya oili imeandikwa kwenye kijiti chenyewe au kwenye kitabu cha gari. Iandike kwenye daftari la nyumbani, usiiache kichwani mwa fundi.

Chanzo cha tatu ni sisi madereva. Kulishikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki, kulisukuma D na R bila kusimama kabisa, kuzungusha matairi kwenye tope la masika mpaka moshi utoke, na kupakia magunia ya mahindi kutoka kijijini juu ya abiria watano. Kwenye mlima mrefu kama Kitonga, zima O/D ili gia isipande na kushuka kila dakika, na uende taratibu. Likichemka, egesha mahali salama, upumzike nalo.

Mbele ya fundi

Mama wengi wameambiwa, "Mpigie baba simu nizungumze naye." Hakuna ubaya baba kushirikishwa, tena ni vyema mwamue pamoja, kwa kuwa fedha ni ya nyumba nzima. Lakini aliyepo gerejini ni wewe. Muulize fundi kwa heshima maswali haya: Umeona nini kilichokufanya useme imekufa? Tunaweza kufungua sampu kwanza kabla ya kuamua? Itatoka lita ngapi, na utarudisha lita ngapi? Ni oili ya aina gani? Fundi mwema hufurahi kuulizwa. Mwambie oili iliyotoka aiweke kwenye chombo chenye vipimo, na alete mbele yako chupa mpya ambazo hazijafunguliwa. Chujio la zamani na gasketi viweke kwenye mfuko uende navyo nyumbani. Usimruhusu mtu aimwage oili ile mtaroni. Iende kwa wanaokusanya oili chafu.

Na kama mtaamua kuliuza

Yapo magari ambayo thamani yake haifiki gharama ya gia boksi. Kuliuza si aibu. Lakini wapo watakaowashauri mweke oili nzito ili lisiteleze kwa siku chache, au mlioneshe likiwa baridi. Mnunuzi naye ana watoto, naye amekopa kwenye kikundi chake, na siku ya kwanza atapita barabara ile ile mnayopita ninyi. Mwambieni ukweli na mpunguze bei. Wapo mafundi wanaonunua magari ya namna hiyo wakijua watayafanyia nini, na fedha mtakayopata itakuwa ndogo lakini mtalala usingizi.

Kwa wale ambao magari yao bado ni mazima, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili hii ibadilishwe kila kilometa 40,000 hadi 60,000 hivi, na mapema zaidi kwa gari linaloshinda kwenye foleni na joto la pwani. Ukiwa umenunua gari na hujui historia yake, ipime wiki ya kwanza. Jumamosi hii, kabla ya kuliosha, washa injini, chukua karatasi nyeupe, na utazame lile tone. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na binti yako akisimama kando atakuwa amejifunza.